Fundi wa Mpakani na Mlango wa Chuo Kikuu

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi Busia tarehe 24 Februari 2018, lori linalovuka kati ya Kenya na Uganda halisimami tena mara mbili. Maofisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja, katika upande ambao mzigo unaingia, na makaratasi hukaguliwa hapo hapo. Mama anayevusha magunia ya mahindi au maharagwe yenye thamani isiyozidi dola 2,000 amewekewa utaratibu mwepesi zaidi: bidhaa yake ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale mpakani na kupita bila ushuru wa forodha. Serikali zilikaa zikakubaliana mapema maharagwe ni nini na karatasi gani inayatosha, kisha zikatangaza. Ujuzi wa fundi haujafanyiwa hivyo. Kijana aliyejifunza kuchomelea vyuma katika kituo cha mafunzo ya ufundi cha Teso Kusini, upande wa Kenya, akafanya mtihani wa ufundi wa serikali na kufanya kazi miaka kadhaa, akitaka kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Busitema, Uganda, atapimwa kwa alama zake za sekondari kana kwamba miaka ile haikuwapo. Fundi wa Tororo, upande wa Uganda, anayetaka kuvuka kwenda Chuo Kikuu cha Alupe, Kenya, naye hana bahati zaidi. Hoja ya makala haya ni kwamba kinachowazuia si upungufu wa sheria. Sheria zipo, nyingine nzuri kabisa. Kinachokosekana ni uamuzi wa chuo kinachopokea, uliofanywa mapema na kubandikwa hadharani, unaosema cheti fulani cha ufundi kina thamani ya masomo gani.

Kabla ya kwenda mbali, inafaa tutenganishe mambo matatu ambayo hotuba za siasa huyachanganya. La kwanza ni kupokelewa: cheti cha ufundi kinakubaliwa kama sifa ya kuingia chuoni, lakini ukishaingia unaanza mwaka wa kwanza pamoja na aliyetoka shule jana. La pili ni kusamehewa: chuo kinasema somo hili umeshalijua, huna haja ya kulirudia, ila huenda ukatakiwa kuchukua jingine mahali pake. La tatu ni kuhesabiwa krediti: saa ulizotumia karakanani zinaandikwa kwenye rekodi yako kama sehemu ya stashahada au shahada, na safari inafupika. Waziri akisema milango ya vyuo vikuu iko wazi kwa mafundi, karibu kila mara anazungumzia lile la kwanza. Nalo ni jema, lakini halimwondolei fundi gharama iliyo kubwa kuliko zote kwake, yaani muda. Mtu wa miaka 27 mwenye karakana, watoto na mkopo wa chama hawezi kukaa darasani miaka minne akifundishwa namna ya kushika tupa.

Eneo hili lingeweza kuwa mfano kwa Afrika Mashariki nzima. Mpaka uliopo ni matokeo ya uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1902, walipouhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakabaki pande zote mbili, na hadi leo familia moja inaweza kuwa na watoto katika mifumo miwili ya elimu. Vyuo havikosekani. Upande wa Kenya kipo Chuo Kikuu cha Alupe, kilomita chache kutoka mjini Busia kwenye barabara ya kuelekea Malaba, kilichopata hati yake mwaka 2022 baada ya miaka ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Ipo pia taasisi ya ufundi ya Bumbe huko Samia, pamoja na vituo vya ufundi vya kaunti. Upande wa Uganda kuna taasisi ya ufundi ya Nalwire katika wilaya ya Busia, chuo cha biashara cha Tororo, na si mbali sana, huko Mbale, chuo cha ufundi cha Elgon. Juu ya hivyo vyote kipo Chuo Kikuu cha Busitema kando ya barabara kuu ya Jinja kwenda Tororo, chenye kampasi nyingine Nagongera, wilayani Tororo.

Historia ya Busitema inaeleza tatizo kuliko takwimu yoyote. Kabla ya kugeuzwa chuo kikuu mwaka 2007, mahali pale palikuwa chuo cha taifa cha mashine za kilimo. Kilikuwa kikifundisha watu wa kutengeneza trekta na jembe la kukokotwa, wa kujua kwa nini injini ya dizeli inatoa moshi mweusi. Kampasi ya Nagongera ilikuwa chuo cha ualimu. Mabadiliko hayo yalileta uhandisi na shahada katika eneo lililokuwa halina, na hakuna sababu ya kuyalaumu. Hata hivyo yanafuata mkondo ambao kanda nzima imeupitia: kila chuo cha ufundi kinachofanya vizuri hupandishwa na kuwa chuo kikuu. Chuo anuwai cha Kyambogo kiliunganishwa na vyuo vingine kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2003. Vyuo anuwai vya Nairobi na Mombasa vikawa vyuo vikuu vya kiufundi mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kilianza kama chuo cha sanaa na sayansi tumizi cha Magharibi. Hata Moi, mlezi wa zamani wa Alupe, ilizaliwa mwaka 1984 kutokana na ripoti ya Mackay ya 1981 iliyotaka chuo kikuu cha pili cha Kenya kielemee teknolojia. Kila mara taasisi ilipanda, nayo ngazi aliyokuwa akiipandia fundi ikabebwa ikaenda juu pamoja nayo. Chuo kilichokuwa kikimpokea fundi kwa mikono yake kikaanza kumpokea kwa alama zake za fizikia.

Tuziangalie sasa sheria, tukianza na Kenya. Sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 iliunda mamlaka ya kusimamia vyuo vya ufundi na baraza la kutunga mitaala na kutahini umahiri. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya mfumo wa taifa wa sifa za elimu, iliyoanzisha mamlaka ya KNQA na kuweka sifa zote kwenye ngazi kumi: cheti cha fundi cha awali ngazi ya nne, cha ufundi stadi ngazi ya tano, stashahada ya sita, shahada ya kwanza ya saba, hadi uzamivu ngazi ya kumi. Kwa maandishi, mtu aliyepata D katika mtihani wa kidato cha nne anaweza kuanzia chini na kufika juu kabisa. Hesabu ya miaka ndiyo inayotisha. Ufundi stadi miaka miwili, stashahada miwili au mitatu, kisha uhandisi miaka mitano, kwa kuwa ndio muda wa shahada ya uhandisi Kenya. Mwenzake aliyepata C+ na kwenda moja kwa moja anamaliza kwa mitano. Mfumo umempa fundi njia, kisha ukamtoza miaka minne au zaidi kwa kuipita, ingawa sehemu ya aliyofundishwa katika hatua moja ni yale yale atakayofundishwa katika hatua inayofuata. Ngazi zinaeleza nani yuko juu ya nani. Hazielezi amebeba nini kutoka chini.

Uganda ilikwenda kwa njia nyingine, na katika jambo moja iliitangulia jirani yake. Sheria ya mafunzo ya biashara, ufundi na stadi ya mwaka 2008 iliipa kurugenzi ya mafunzo ya viwandani kazi ya kupima ujuzi kwa vipande. Humo ndimo kilimotoka kijitabu kiitwacho Worker's PAS, kinachofanana na pasipoti, ambamo kila umahiri uliopimwa huandikwa na kuthibitishwa. Mwashi ambaye hakupita shule anaweza kupimwa kupiga lipu, kesho kujenga msingi, na kila kimoja kikaingia kitabuni. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ukafungua nafasi kwa wanafunzi wa shule za kawaida nao kupimwa ujuzi wa ngazi ya kwanza. Mwaka 2025 Uganda ikapitisha sheria mpya ya mafunzo ya ufundi iliyounda baraza la kusimamia sekta nzima na bodi mpya ya kutahini ufundi, ili kumaliza hali ya bodi kadhaa kutoa vyeti vinavyogongana. Upande wa vyuo vikuu, baraza la elimu ya juu linaruhusu kuingia kwa stashahada, kwa cheti cha maandalizi ya elimu ya juu, na kwa mtihani wa watu wazima waliotimiza miaka 25. Njia hizo zote, ukizitazama vizuri, ni za kupokelewa. Kijitabu cha fundi kinabaki mlangoni.

Tukishuka kutoka kwenye sheria hadi kwenye kanuni za kuhesabu, sababu moja inaonekana wazi. Kenya, kama Tanzania na kama mfumo wa sifa za elimu ya juu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliopitishwa 2015, huhesabu krediti moja kwa kila saa kumi za juhudi ya mwanafunzi, iwe darasani, karakanani au akijisomea. Uganda hutumia kipimo kingine: krediti moja ni saa 15 za kuwa na mwalimu, na katika kuzihesabu, saa moja ya mhadhara ni saa moja kamili lakini kazi ya vitendo inahitaji saa mbili ili ihesabiwe moja. Chukua saa 300 za karakanani. Kenya zinaandikwa krediti 30. Uganda zinakuwa 10, wakati saa hizo hizo 300 zingekuwa za mihadhara zingehesabiwa 20. Tofauti ya 30 na 10 peke yake isitushtue, kwa sababu shahada ya Uganda nayo inahitaji krediti chache zaidi. Vipimo ni viwili tofauti. La kushtua ni ile 20 kwa 10. Wenye kanuni wana utetezi wao, kwamba mhadhara unamdai mwanafunzi akajisomee baadaye ilhali kazi ya vitendo huishia karakanani. Kwa mwanafunzi wa maabara utetezi huo una maana. Kwa fundi ambaye saa zake za mikono ndizo masomo yake yote, kanuni imeshampunguza nusu kabla hajafungua mdomo.

Kuna kikwazo kingine kinachoonekana kidogo ila huvunja mazungumzo kila ofisi ya usajili inapokaa na chuo cha ufundi. Mitaala ya umahiri haitoi asilimia kama zile za mtihani wa chuo kikuu. Mtahini wa ufundi anauliza kama mtu ana umahiri au bado hajaufikia. Chuo kikuu kinaishi kwa wastani wa alama, na kompyuta yake haina mahali pa kuandika neno “anaweza”. Ofisi nyingi hukomea hapo zikidhani zimekuta ukuta. Dawa yake ni nyepesi: krediti inayotokana na ufundi iandikwe bila alama. Ihesabiwe katika jumla ya krediti zinazohitajika, isiingie katika wastani, na daraja la shahada litokane na masomo aliyoyafanyia chuoni tu. Hakuna anayedhulumiwa. Aliyeingia na cheti cha karakana hapati alama za bure, na mhadhiri anayeogopa kuona “A” asiyoitoa yeye mwenyewe anaweza kulala usingizi.

Mtu anaweza kusema tungoje mifumo ya kitaifa ikomae, kisha vyuo vitafuata. Uzoefu wa Afrika Kusini unapinga matumaini hayo. Nchi hiyo iliweka sheria ya mamlaka ya sifa za elimu mwaka 1995, miongoni mwa za mwanzo duniani, ikiahidi kwamba mchimba madini ataweza kupanda hadi chuo kikuu kwa kile anachokijua. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 2017, serikali ililazimika kutangaza sera maalumu ya kuunganisha vyuo vya ufundi na vyuo vikuu, kwa sababu ngazi zilikuwapo kwenye karatasi na milango ikabaki imefungwa. Marekani ilikwenda kinyume chake. Tangu enzi za vita vikuu vya pili vya dunia, baraza la elimu la nchi hiyo limekuwa likipitia mafunzo ya kijeshi, ufundi wa magari na wa mitambo ukiwemo, na kuchapisha mapendekezo: kozi hii ina thamani ya krediti kadhaa katika somo hili. Vyuo viko huru kukubali au kukataa. Pamoja na uhuru huo vingi hukubali, kwa kuwa kazi ngumu ya kulinganisha imeshafanywa na mtu mwingine, na askari aliyerudi nyumbani anaweza kusoma orodha kabla hajaomba nafasi. Ujerumani nayo, mwaka 2009, mawaziri wa elimu wa majimbo walikubaliana kwamba fundi mkuu aliyefuzu apewe haki ya jumla ya kuingia chuo kikuu. Tanzania imepiga hatua zake: mamlaka ya ufundi stadi, VETA, imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani, na tangu 2021 baraza moja, NACTVET, linasimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi pamoja. Funzo ninalolipata ni kwamba mfumo wa ngazi husaidia, lakini kinachofungua mlango ni orodha mahsusi iliyochapishwa.

Mpakani tatizo huongezeka maradufu. Itifaki ya soko la pamoja la Jumuiya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuliana vyeti vya elimu na taaluma, na ndiyo iliyozaa mikataba ya kutambuana ya wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Wakuu wa nchi wakaitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017. Ukiisoma orodha hiyo ya taaluma utaona ni ya watu wenye shahada. Mhandisi wa Nairobi anayetaka kusimamia kazi Tororo ana mkataba wa mwaka 2012 wa kumkinga. Mchomeleaji atakayefanya kazi chini yake hana, ingawa ndiye anayevuka mpaka kila wiki, na ingawa vibarua vyake viko pande zote: kwenye viwanda vya saruji vya Tororo, kwenye mradi wa fosfeti wa vilima vya Sukulu, kwenye gereji za malori Malaba. Mwenye karatasi kubwa amefunguliwa mpaka. Mwenye karatasi ndogo, ambaye ndiye wengi, ameachiwa ajitafutie.

Orodha ninayoizungumzia ingekuwaje? Chukua fani ya uchomeleaji na utengenezaji wa vyuma, na uiweke kando ya mwaka wa kwanza na wa pili wa uhandisi mitambo au uhandisi wa kilimo. Masomo yanayogusana yanajulikana: kazi za karakana, michoro ya kiufundi, usalama kazini, sehemu ya sayansi ya malighafi, na mafunzo ya vitendo viwandani. Hilo la mwisho ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini. Vyuo vikuu vya nchi zote mbili huwapeleka wanafunzi wa uhandisi wakati wa likizo ndefu kukaa wiki kadhaa katika kiwanda, karakana au gereji, na wakirudi na daftari lililosainiwa huandikiwa krediti. Mwenye gereji aliyesaini daftari mara nyingi ni fundi mwenye cheti cha mtihani wa ufundi. Kijana anapewa krediti kwa kusimama wiki nane karibu na fundi, na fundi huyo huyo akiomba nafasi chuoni atatakiwa aende mafunzo ya vitendo kama mgeni wa bisibisi. Sijaona hoja ya kitaaluma inayoweza kuutetea utaratibu huu. Ukiondoa mafunzo ya viwandani na kazi za karakana, umeshamwokolea fundi likizo zake zote, na likizo ndizo anazozitegemea kupata karo.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu hesabu na nadharia. Wahadhiri wanasema, na wanasema kweli, kwamba kuchomelea kiungo imara si sawa na kujua kwa nini kiungo hicho kitahimili mzigo fulani. Mhandisi ni lazima ajue kalkulasi, mekanika na nguvu za malighafi. Mafundi wengi waliacha hesabu kidato cha nne au kabla, na krediti haziwezi kuwafundisha. Nakubaliana nao bila masharti, na ndiyo maana orodha isiguse somo hata moja la hesabu. Atakayeingia kwa njia ya ufundi azifanye zote, na apewe muhula wa maandalizi akihitaji. Kwa sababu hiyo lazima pia tuwe wakweli kuhusu ukubwa wa faida: katika uhandisi, krediti zitakazohesabiwa huenda zisifike hata mwaka mmoja. Faida itakuwa kubwa zaidi penye ukaribu mkubwa kati ya karakana na darasa, kama ualimu wa ufundi, usimamizi wa hoteli, teknolojia ya habari, kilimo biashara, na hasa stashahada, ambazo ndizo hatua ya kwanza ya busara kwa wengi. Wenye kuahidi kwamba fundi atapata shahada kwa miaka miwili wanaharibu kazi kabla haijaanza.

Pingamizi la pili ni vyeti bandia, na katika mpaka huu si la kubuni. Tume ya utumishi wa umma ya Kenya ilitangaza Februari 2024 kwamba ukaguzi wake ulikuta zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi miongoni mwa watumishi wa umma. Nasser Road ya Kampala na River Road ya Nairobi hazikupata bure sifa zao za kughushi karatasi. Lakini tofauti kati ya cheti cha nadharia na cha ufundi iko hapa: cha ufundi kinaweza kujaribiwa asubuhi moja. Mpe anayedai ni mchomeleaji vipande viwili vya chuma na fito za kuchomelea. Kiungo chake kikatwe na kukunjwa. Kama kazi ni mbovu, kitapasuka mbele ya macho ya wote. Mwenye cheti bandia cha historia anaweza kujificha ofisini miaka 20. Kwa hiyo hofu ya kughushi, ikichukuliwa kwa uzito, inaelekeza kwenye utaratibu wa kumpima mwombaji karakanani kabla ya kumwandikia krediti, na karakana za kufanyia kazi hiyo zipo Busitema, zipo Bumbe, zipo Nalwire.

Wako pia wanaouliza, na swali lao lina heshima yake, kwa nini tumsukume fundi kwenye shahada. Hatuna upungufu wa wenye shahada wasio na kazi. Tuna upungufu wa mafundi bomba wanaofika kwa wakati. Je, kumfungulia chuo kikuu si kuurudia ule mkondo ulioigeuza Busitema? Nadhani wanalitazama jambo kinyume. Mzazi wa Amukura au wa Lumino anakataa kumpeleka mtoto kituo cha ufundi kwa sababu anaona ni chumba kisicho na mlango wa pili. Akijua kwamba mtoto akitaka anaweza kuendelea bila kuanza upya, kituo kinakuwa chaguo badala ya adhabu ya kufeli. Wengi hawataendelea, na hakuna ubaya. Fundi mwenye wateja hana haja ya kofia ya mahafali. Watakaoendelea, kwa upande mwingine, ndio tunaowahitaji zaidi kama wakufunzi. Kituo cha ufundi kinachofundishwa na mwenye shahada asiyewahi kulipwa kwa kazi ya mikono yake huzaa wanafunzi wa aina hiyo hiyo.

Limebaki la fedha, ambalo halitajwi katika mikutano ingawa ndilo linaloamua mengi. Chuo kinacholipwa kwa muhula kinapoteza mapato kila kinapomsamehe mtu somo. Vyuo vya umma vya nchi zote mbili vina madeni na vinategemea karo kuliko vilivyotarajiwa kutegemea, na ni vigumu kuviambia vijikate mkono. Hata hivyo anayezungumziwa hapa si mwanafunzi aliye njiani kuja. Bila krediti haji kabisa. Mihula sita ya karo ni zaidi ya sifuri, na chuo kinaweza pia kutoza ada ya wastani ya upimaji wa karakanani, mradi isigeuzwe kuwa kitoweo cha ofisi. Vilevile, Alupe ni chuo kichanga kinachotafuta jina katika kanda yenye vyuo vikubwa kuliko chenyewe. Kuwa chuo kinachotambua mafundi wa pande zote mbili za mpaka kungekipa sifa ambayo Nairobi na Kampala hazina.

Haya yote hayahitaji bunge wala mkutano wa wakuu wa nchi. Seneti ya chuo kikuu, ndani ya masharti ya msimamizi wa elimu ya juu wa nchi yake, ina uwezo wa kuamua inahesabu nini katika kozi zake. Seneti za Busitema na Alupe zinaweza kuunda kamati moja ya pamoja, zikawaalika wakuu wa Nalwire, Bumbe na chuo cha Elgon, zikaanza na fani tatu tu: uchomeleaji, umeme wa majumbani na umakanika wa magari. Kamati ilinganishe mitaala kifungu kwa kifungu, iweke kanuni moja ya kugeuza saa za Kenya kuwa krediti za Uganda na za Uganda kuwa za Kenya bila kuzikata nusu saa za mikono, itaje somo gani linahesabiwa na lipi halihesabiwi. Kisha karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa kila kituo cha ufundi kuanzia Port Victoria hadi Tororo, kabla ya msimu ujao wa kuomba nafasi, ili fundi aisome mwenyewe na kupiga hesabu zake.